Mwaka wa Darasa la Kwanza



Kila mwaka, kuanzia juma la mwisho la Desemba hadi katikati ya Januari, ofisi yetu ya parokia hupata wageni ambao miezi mingine hatuwaoni. Ni wazazi wanaoomba daftari la ubatizo lifunguliwe, ili wajue mtoto wao alizaliwa tarehe ngapi. Shule inaandikisha darasa la kwanza, na cheti cha kuzaliwa ama hakijachukuliwa, ama kimeliwa na mchwa, ama kimebaki Mwanza kwa shemeji. Nami hulifungua daftari lile kubwa nikayafuata majina kwa kidole, huku mtoto mwenyewe amesimama nyuma ya kanga ya mama yake, akisubiri kuthibitishwa kwamba amezaliwa.

Juma lililopita alifika kijana mmoja wa hapa Ndama akiwa na binti yake wa miaka sita. Nilipokwisha kumwandikia tarehe, hakuondoka. Alikaa kwenye benchi, akauliza: "Padri, huu mwaka wake wa kwanza tutegemee nini?" Ulimi wangu ulikuwa tayari kumjibu papo hapo, maana sisi mapadri tu wepesi sana wa kujibu maswali kuhusu watoto wa wenzetu. Lakini kijana huyo namfahamu tangu yeye mwenyewe alipokuwa darasa la kwanza, na mwaka ule nilitoa ushauri uliomdhuru. Nilimwomba anipe juma moja. Ameniruhusu kuyaandika haya hadharani, mradi nisimtaje jina.

Nianze na yaliyo mepesi.

Mtegemee uchovu. Mtoto aliyezoea kushinda migombani, akipanda na kushuka apendavyo, sasa anakalishwa dawatini pamoja na wenzake wawili watatu, na kwa umri wake kukaa kimya ni kazi nzito kuliko kuchota maji. Atasinzia kabla chakula cha jioni hakijaiva. Mwamsheni ale, msimkaripie. Penseli zitapotea, ufutio utapotea, na siku moja atarudi amevaa sweta la mtoto mwingine wala hatajua lilivyomfikia. Ataleta mafua ya vitongoji vyote, pamoja na matusi mawili matatu ambayo ninyi hamkumfundisha. Atamnukuu mwalimu dhidi yenu: mwalimu amesema maji yachemshwe, mwalimu amesema kucha zikatwe. Msimwonee mwalimu wivu. Na yapata juma la tatu, furaha ya sare mpya ikishapoa, atasema tumbo linamuuma. Tumbo la namna hiyo huuma zaidi siku ya Jumatatu.

Mtegemee gharama pia, ingawa si zile za zamani. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwanzoni mwa mpango wa MMEM, mwaka 2002, na kuanzia Januari 2016 elimu bila ada ikafika hadi kidato cha nne. Hata hivyo sare, viatu, sweta na madaftari vingali juu ya mzazi, na Januari ni mwezi mgumu kwa mkulima wa kahawa. Tunavuna kuanzia Mei hadi kama Septemba. Ifikapo mwaka mpya fedha ile imekwisha kupita mikononi, na maharage ndiyo kwanza yanaanikwa. Ninachowasihi ni kwamba mtoto asiyasikie malalamiko ya bei ya viatu vyake kila avivaapo.

Sasa nije kwenye masomo yenyewe. Kiini cha mwaka huu ni KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Mwaka 2015 masomo ya darasa la kwanza na la pili yalipunguzwa ili muda mwingi uelekezwe huko. Mtoto huanza na irabu, a, e, i, o, u. Kisha konsonanti huungwa nazo moja baada ya nyingine, ba, be, bi, bo, bu. Kisha huja maneno mafupi kama baba, babu na bibi. Na baada ya miezi kadhaa ndipo hufika kwenye zile silabi zinazotoa jasho, mba, nda, ng'o, nywa. Kwa upande wa kuhesabu atawaomba vijiti na vizibo vya soda. Mpeni bila kumwuliza maswali mengi.

Machi itafika naye hajasoma neno lolote, na hapo ndipo wazazi wengi huanza kunung'unika. Aliyewahi kujenga nyumba anaujua wakati ule ambapo mawe na saruji vinazama ardhini, majirani wanapita, na hakuna ukuta wa kuwaonyesha. Ndivyo ilivyo miezi hii. Baadaye, kwa watoto wengi baada ya likizo ya Juni, jambo fulani hufunguka. Mtoto anasoma mfuko wa sukari. Anasoma ubao wa duka, anasoma maandishi ya kanga ya shangazi yake kwa sauti kubwa mbele ya wageni, na pengine maandishi yenyewe yalikuwa yakimsema mmoja wa wageni hao. Kiswahili kina fadhila hiyo: kinaandikwa kama kinavyotamkwa, na aliyezishika silabi zake anaweza kutamka karibu kila kitu.

Lakini fadhila hiyo ina mtego ndani yake. Mtoto aweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti tamu, baba akapiga makofi, kumbe hakuelewa hata sentensi moja. Kwa mtoto wa pwani, anayeota ndoto zake kwa Kiswahili, hatari hiyo ni ndogo. Mtoto wetu wa Karagwe hujifunza mambo mawili kwa mkupuo: anajifunza kusoma, na anajifunza lugha anayoisomea. Nyumbani amekua na Kinyambo. Kwake mti ni omuti, mbuzi ni embuzi, maji ni amaizi. Masikio yake hayatenganishi r na l, kwa sababu lugha ya mama yake haikumtaka azitenganishe. Ataandika "kurara" na "lafiki", na mwalimu atamwekea mkasi mwekundu kana kwamba ni uvivu.

Hapa ndipo lilipo kosa langu.

Januari 2003 nilikuwa paroko msaidizi huku huku, enzi hizo tukiwa bado Jimbo la Rulenge, kabla Jimbo la Kayanga halijaundwa mwaka 2008. Ada ilikuwa imefutwa mwaka uliotangulia, na watoto wote waliokuwa wamebaki majumbani walikuja kwa pamoja. Darasa la kwanza lilikuwa na watoto zaidi ya mia moja na mwalimu mmoja. Wengine walikuwa na miaka saba, wengine kumi na moja wakiwa tayari na sauti nzito. Miongoni mwao alikuwamo mtoto aliyelelewa na bibi yake. Wazazi wake walikuwa wamefariki kwa UKIMWI, ugonjwa ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani mwetu mwaka 1983, na ambao uliwaachia mabibi wa Kagera kazi ya kulea mara ya pili.

Mtoto huyo hakuwa ametamka neno darasani tangu mwaka uanze. Siku moja nilikuwa nimesimama mlangoni nikisubiri kipindi cha dini. Mwalimu aliinua picha ya ng'ombe mdogo, akauliza ni nini. Yule mtoto, ambaye kila siku jioni alikuwa akichunga, akanyoosha mkono. Mwalimu alifurahi, akamwita. Mtoto akasimama wima, akasema: "Enyana!"

Darasa zima likacheka. Mwalimu akasema, "Kwa Kiswahili." Mtoto akakaa.

Neno lililoandikwa chini ya picha lilikuwa "ndama". Mtoto yule alilijua neno hilo. Lilikuwa jina la kwao, hapo alipozaliwa, palipo na kaburi la mama yake. Angewezaje kulitoa kama jina la mtoto wa ng'ombe? Jibu lake lilikuwa sahihi kabisa katika lugha aliyokuwa nayo, naye ndiye peke yake katika watoto mia moja aliyekuwa amethubutu. Hakunyoosha mkono tena mwaka ule. Nami nilicheka pamoja na darasa. Naliandika hili kwa kuwa nisingependa msomaji adhani nilikuwa nimesimama pale kama mtu mwenye hekima.

Jumapili iliyofuata nilimpitia bibi yake baada ya Misa. Nikamwambia kwa upole wote niliokuwa nao: "Bibi, huyu mtoto anachelewa kwa sababu ya Kinyambo. Jitahidi kusema naye Kiswahili nyumbani." Bibi alinisikiliza, akaitika. Padri amesema.

Mwezi Agosti nilifika nyumbani kwao jioni, nikakuta wamekaa kwenye moto, bibi upande huu na mjukuu upande ule, na kimya kimetanda kati yao. Nyumba hiyo niliwahi kuifahamu kwa vicheko. Bibi yule alikuwa bingwa wa vitendawili, na hadithi zake za sungura nilizisikiliza mwenyewe mpaka nikachelewa kurudi parokiani. Nilimwuliza kama wana ugomvi. Akanijibu kwa Kinyambo:

"Padri, lugha uliyonipa ni ndogo. Najua kusema kula, najua kusema lala, najua oga, njoo, ondoka. Bei za sokoni nazijua, na sala nazijua. Haina hadithi. Tangu uliponiambia, namwamrisha tu."

Sikupata la kusema. Alikuwa ametii. Kwa miezi sita alikuwa amekaa na mjukuu asiye na mama, na kila jambo kubwa alilokuwa nalo la kumwambia alilimeza, kwa kuwa alidhani linamharibia shule.

Nimejiuliza mara nyingi ushauri ule niliutoa wapi. Nadhani niliutoa nyumbani kwetu. Mimi niliingia darasa la kwanza mwaka 1974, mwaka uleule ambao TANU iliamua kule Musoma kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote katika muda wa miaka mitatu. Baba yangu alikuwa katekista. Kiswahili kilikuwa kimejaa nyumbani mwetu pamoja na Kinyambo: kilikuwa na utani, kilikuwa na ugomvi, kilikuwa na nyimbo. Nilikwenda shule na lugha mbili mdomoni bila kujua kwamba huo ulikuwa urithi, kisha nikamtaka bikizee wa watu ampe mjukuu wake kitu ambacho yeye hakuwa nacho, na kumnyang'anya kile alichokuwa nacho. Hali kadhalika nilikuwa nimesoma katika nyakati ambazo mtoto aliyeteleza kwa lugha ya kwao alivishwa kibao shingoni, akizunguka nacho mpaka ampate mwingine wa kumvisha. Mtu aliyekulia humo huamini kwa urahisi kwamba lugha ya nyumbani ni uchafu wa kuoshwa.

Aliyenitoa gizani ni mwalimu mmoja mtu mzima, mama wa kutoka mkoa mwingine, ambaye Kinyambo chenyewe alikuwa bado akijifunza. Yeye alisema jambo rahisi. Mwacheni bibi amsimulie mtoto usiku kama zamani, kwa lugha yao. Asubuhi mimi nitamwomba anisimulie hiyo hadithi kwa maneno aliyonayo, na yale anayokosa nitampa moja moja. Mtoto mwenye hadithi kichwani, alisema, ana sababu ya kutafuta maneno. Asiye nayo atayatafutia nini?

Mtoto alirudia darasa la kwanza mwaka 2004, na katika mwaka huo wa pili akajua kusoma. Ningependa kuwaambia kwamba baada ya hapo aliruka kama swala. Haikuwa hivyo. Alimaliza darasa la saba mwaka 2010 na hakuchaguliwa kwenda sekondari. Yeye mwenyewe husema hayo yalikuwa na sababu nyingine, na analima kahawa yake vizuri kuwashinda wengi waliochaguliwa. Mimi sina uhakika kama yeye.

Ng'ambo ya pili ya mto Kagera, katika wilaya ya Isingiro nchini Uganda, wapo watoto wanaozungumza Kinyankole, ambacho bibi wa Ndama anakielewa bila mkalimani. Tangu mwaka 2007 mtaala wa Uganda unataka watoto hao wasome madarasa matatu ya mwanzo kwa lugha ya kwao, ndipo Kiingereza kishike nafasi. Sisi tulichagua njia nyingine, na sijutii. Kiswahili kimetufanya tuwe nchi moja. Padri wa Karagwe anahubiri Songea akaeleweka. Lakini shule ikishachagua Kiswahili, kazi ya kukitunza Kinyambo imebaki kwenye meko, na meko hayana mtu mwingine wa kuyasaidia.

Narudi sasa kwa kijana wangu na binti yake.

Binti yako anaingia katika utaratibu mpya. Tangu Januari 2024 wanaoanza darasa la kwanza wanafuata mtaala wa elimu ya msingi ya miaka sita badala ya saba, na umri wa kuanza ni miaka sita. Wewe ulianza ukiwa na miaka saba. Kwa hiyo usimpime kwa kipimo chako, maana mwaka mmoja katika umri huo ni mwingi, hata vidole vya kushikia penseli havijakomaa sawasawa. Kiingereza nacho, kilichokuwa kimeondolewa katika madarasa mawili ya mwanzo kwa mtaala wa 2015, kimerejea darasa la kwanza. Ni vyema. Hata hivyo nimeanza kuwaona wazazi pale Kayanga, watu wazima wenye heshima zao, wakisema na watoto wao kwa amri tatu nne za Kiingereza: kaa, njoo, kula, nyamaza. Nikiwasikia namkumbuka bibi yako. Lugha ni nyingine, udogo wake ni uleule.

Kila jioni, kabla hajasinzia, mwombe akusimulie siku yake kwa lugha yoyote iliyo karibu na mdomo wake. Akikusomea sentensi ya kitabu, usimwulize kama ameitamka vizuri. Mwulize kwa Kinyambo inasema nini. Kazi hiyo haihitaji mzazi aliyesoma. Namfahamu mzee mmoja asiyejua herufi hata moja, ambaye mjukuu wake alimgeuzia kitabu kwa sababu alikuwa amekishika kichwa chini miguu juu, na kila siku humtaka amweleze habari iliyomo, kisha hubisha. Mtoto analazimika kurudi kitabuni kutafuta ushahidi. Sijaona mwalimu wa ziada anayefanya kazi vizuri kumshinda mzee huyo, wala hadai malipo.

Mwezi wa mavuno ya kahawa asikose shule kwa ajili ya kuanua. Novemba taarifa itakapokuja, ikisema labda ni wa sitini kati ya tisini, usimchape na usimtangaze kwa majirani. Ila ikiwa hata maneno mafupi hayasomi, nenda kwa mwalimu ukakae naye, na mtoto apimwe macho na masikio. Niliwahi kumwona mmoja ambaye dawa yake yote ilikuwa kuhamishiwa dawati la mbele.

Kuna jambo sikukueleza siku ile. Ulipokuwa ukiniuliza, binti yako alikuwa ameikaribia picha ya ng'ombe iliyo kwenye kalenda ya ofisini, akakuita kwa Kinyambo, nawe ukamjibu kwa Kinyambo, kwa kirefu, ukamweleza jinsi ng'ombe wa pembe namna ile walivyokuwa wengi zamani. Ulinisahau kabisa. Nilikaa na kalamu yangu nikiwasikiliza, na kwa muda nilidhani namsikia bibi.

Kwa wazazi wengine: daftari la ubatizo litafunguliwa Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita, mpaka uandikishaji utakapokwisha. Njooni na jina la ubatizo la mtoto, jina la mama na mwaka, hata kama ni wa kukisia. Na mtoto mwenyewe aje pia.